Kifundo cha mkono kinauma, eksirei iko safi: nicheze au niache?

Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Dar, kazi yangu tenisi, yani sio mchezaji wa kutajwa magazetini ila ndo nakula kwa raketi, asubuhi nafundisha watoto, jioni nacheza na wanachama wa klabu wanaotaka mtu wa kupiga nae, nalipwa kwa saa. Natumia mkono wa kulia ila bekhendi, yani mpira unaokuja upande wangu wa kushoto, napiga kwa mikono miwili tangu utoto.

Tatizo langu ni kifundo cha mkono wa KUSHOTO, upande wa kidole cha mwisho, pale juu penye kale kamfupa kanakotokeza. Ilianza kidogo kidogo kama miezi miwili hivi, nikimaliza kucheza panauma alafu panaacha, nikawa napaka dawa ya kuchua naendelea. Baadae ikawa inauma hata nikifungua kitasa au nikikamua nguo. Sasa wiki iliyopita nikafukuzia mpira wa chini sana upande wa bekhendi, napiga tu nikasikia "ta!" ndani ya mkono, maumivu mpaka raketi ikadondoka. Toka siku hiyo nikigeuza kiganja kitazame juu kuna kitu kinaruka pale juu ya kamfupa, nikigeuza chini kinarudi, hata kwa macho ukiangalia vizuri unakiona.

Nikaenda kituo cha afya wakanipiga eksirei wakasema mfupa mzima, ni misuli tu imeshtuka, wakanipa diklofenaki na bandeji. Kuna mzee mtaani anasifika kwa kunyoosha viungo nae akanivuta vuta, kesho yake kimevimba zaidi. Wiki tatu zijazo kuna mashindano, mwanachama mmoja anataka tucheze wote wawili wawili, kasema atanilipia sindano ya kuua maumivu nicheze tu. Rafiki yangu nae ananitisha anasema ni ugonjwa ule ule uliowamaliza wale wachezaji wakubwa wa tenisi, Del Potro na Thiem. Dada nisipocheza sili, nikicheza naumia. Na kuna mwenzangu wa badmintoni anaumwa upande wa gumba, ni ugonjwa mmoja? Nisaidie.

Mpiga raketi, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nianze na lile lenye haraka: hiyo sindano usichomwe, hayo mashindano usicheze, na wiki hii hii tafuta daktari wa mifupa aushike huo mkono. Ungeniandikia kabla ya huo mlio ningekwambia pumzisha bekhendi wiki mbili tatu tuone, lakini hicho kitu kinachoruka ukigeuza kiganja juu na kurudi ukigeuza chini kimenibadilishia jibu lote, manake hayo ni maelezo ya kano (ile kamba inayounganisha msuli na mfupa) iliyotoka mahali pake, na tatizo la namna hiyo likishikwa mapema mara nyingi linatibiwa kwa kufungwa tu, likiachwa miezi linaweza kuishia kwenye upasuaji.

Nikueleze kinachotokea humo ndani ili ukikaa mbele ya daktari ujue unaongea nini. Mfupa wa kigasha ulioko upande wa kidole kidogo unaitwa ulna, na kale kamfupa kanakotokeza ndo mwisho wake. Mgongoni mwake kuna kamfereji, na humo inapita kano moja ambayo madaktari wanaitaja kwa herufi tatu, ECU, kazi yake ni kunyanyua kifundo na kukipindisha kuelekea kidole kidogo, na kukikaza unapokamata kitu kwa nguvu. Inashikiliwa pale na ala nyembamba, kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya mpira wake. Kiganja kikitazama chini kano inapita karibu moja kwa moja bila shida, lakini kiganja kikitazama juu na kifundo kikapinda kuelekea kidole kidogo, kano inakata kona kali na kuisukuma ala kwa pembeni. Sasa shika raketi ujifanye unapiga bekhendi ya mikono miwili, mpira wa chini, unataka kuupandisha kwa tospini (mpira uzunguke kwenda mbele), simamisha pale kichwa cha raketi kilipozama chini ya mpira, alafu angalia mkono wako wa kushoto umekaaje. Umekaa kwenye kona hiyo hiyo, na wewe unairudia mamia ya mara kwa siku, kwa miaka. Ala inachoka, kano inavimba (hiyo ndo miezi yako miwili ya maumivu ya kuja na kuondoka), na siku moja mpira mmoja wa chini unaipasua.

Ndo maana mtu wa mkono wa kulia anaumwa kushoto, watu wengi hilo linawachanganya. Wanaopiga fohendi (pigo la upande wa mkono wako wa raketi) nzito ya tospini wanaumia kano hiyo hiyo ila kwenye mkono wa fohendi. Bingwa wa tenisi Nadal mwaka 2016 alijitoa mashindano ya French Open katikati kwa ajili ya ala ya kano hii kwenye mkono wa kushoto, na kushoto kwake ndo fohendi.

Kuhusu eksirei, hapa naomba unielewe vizuri kwa sababu naona watu wanaumizwa sana na hiki kipengele. Eksirei inaonyesha mfupa. Kano haionyeshi, ala haionyeshi, gegedu haionyeshi. Kwa hiyo aliyekwambia mfupa mzima alisema kweli, ila aliposema hakuna zaidi ya misuli kushtuka alikuwa amevuka kile picha ilichomwonyesha. Kipimo cha kuomba kwanza ni altrasaundi, sio MRI (ile picha ya mashine ya sumaku), na hii wengi hawaijui. Altrasaundi ni nafuu na inapatikana sehemu nyingi zaidi, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unapimwa huku unausogeza mkono. Mwambie mpimaji, tena mwambie kwa mdomo wako usisubiri akuulize, "naomba uangalie kano ya ECU huku nageuza kiganja juu na chini," kama inaruka nje ya mfereji ataiona hapo hapo kwenye kioo. Akipima mkono umetulia mezani kiganja chini anaweza kuikuta imelala mahali pake akaandika kawaida, ukarudi nyumbani huna jibu.

MRI inakuja kama daktari anashuku kilichoumia ni ndani zaidi. Kati ya ulna na vifupa vidogo vya kifundo kuna kitu kama mto wa gegedu na ligamenti kinaitwa TFCC, nacho wachezaji wa raketi wanakichana sana, na kinauma karibu pale pale, tofauti inatafutwa kwa vidole. Bonyeza hako kashimo laini pembeni mwa mkono upande wa kidole kidogo, chini kidogo ya kamfupa, ukielekea upande wa kiganja. Ukiruka kwa maumivu hapo, au pakiuma ndani ndani unapojisukuma kwa kiganja kunyanyuka kwenye kiti, mshuku TFCC. Njia nyingine, weka kiwiko mezani mkono umesimama, kiganja kikutazame, tanua vidole, mtu akushike gumba na kidole cha kati akubane wewe ukiendelea kutanua: hapo kano ya ECU inakaza yenyewe bila kiungo kusogea, kwa hiyo kama maumivu yanatembea mgongoni juu ya kamfupa, mwelekeo ni kwenye kano. Fanyeni taratibu, na usiendelee kurusha rusha hiyo kano kila saa kuwaonyesha watu, kila inaporuka inajikwaruza. Na vyote viwili vinaweza kuumia kwa pamoja, ndo maana sikupi jibu la mwisho hapa, anayekushika mkono ndo atalitoa. Hapo Dar kuna MOI pale Muhimbili, ni taasisi ya mifupa, anzia hapo au kwa daktari yeyote wa mifupa wa hospitali ya rufaa, na wasomaji wa kaskazini wana KCMC Moshi. Kituo cha afya kikuandikie tu rufaa.

Jambo jingine kuhusu MRI, ukishacheza miaka mingi picha ya kifundo chako inaweza kuonyesha vijeraha kibao ambavyo havikuumi kabisa. Daktari mzuri hatibu picha, anatafuta jeraha linalolingana na pale kidole chako kinapoonyesha.

Ikithibitika kano imetoka na ni jeraha bichi kama lako, matibabu ya kwanza kwa kawaida ni hogo, na sio hogo fupi. Linapita juu ya kiwiko, kwa sababu kama kiwiko kiko huru bado utaweza kugeuza kiganja, na kugeuza ndo adui. Mkono unafungwa kiganja kikitazama chini, kifundo kimenyanyuka kidogo na kimevutwa upande wa gumba, kano ilale mferejini na ala ipate nafasi ya kushika tena. Wiki 6 hivi, mara nyingine zaidi. Najua ukisikia wiki 6 unawaza kodi. Ila hiyo bandeji ya kuvuta uliyopewa haizuii kiganja kugeuka hata kidogo. Mpaka uonane na daktari tafuta splinti au funga kitu kigumu kinachozuia kifundo, ukae kiganja chini kadri unavyoweza, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15 mara kadhaa kwa siku, na diklofenaki usiigeuze chakula, meza baada ya kula kwa siku chache ulizoandikiwa basi, na kama una vidonda vya tumbo au figo zina shida mwambie daktari. Dawa ya kuchua acha. Na kwa yule mzee usirudi tafadhali, simdharau, lakini mkono uliosikika "ta" ukavimba hauvutwi na mtu asiyejua kilichokatika.

Ikishindikana kwa hogo, au ikigundulika ala imechanika vibaya, kuna upasuaji wa kuitengeneza upya, daktari anachukua kipande cha utando wa hapo hapo juu ya kifundo anatengeneza kizuizi kipya, alafu hogo tena, alafu mazoezi, unahesabu miezi kadhaa kabla ya kupiga mpira wa ushindani. Na kama altrasaundi itasema kano imevimba tu haijatoka, mshukuru Mungu, hapo ni splinti ya kawaida, kupumzisha bekhendi, na mazoezi ya kuimarisha taratibu.

Kuhusu Del Potro na Thiem, rafiki yako kachanganya. Del Potro alipasuliwa kifundo cha kulia 2010, mwaka mmoja baada ya kuchukua US Open, alafu kifundo cha kushoto, mkono wa bekhendi kama wako, kikapasuliwa mara tatu kati ya 2014 na 2015. Akarudi 2016 akamtoa Djokovic raundi ya kwanza kwenye Olimpiki ya Rio akachukua medali ya fedha, mwaka huo huo akaisaidia Argentina kubeba Davis Cup, na 2018 akafika fainali ya US Open. Kilichommaliza baadae ni goti. Na ukitafuta mechi zake za 2016 utaona kitu cha kukusaidia wewe, bekhendi nyingi alikuwa anakata slaisi kwa mkono mmoja, ule wa kushoto anauacha upumzike. Thiem kweli kifundo kilimharibia. Aliumia Mallorca Juni 2021, kulia, mkono wa fohendi, hakupasuliwa, alifungwa splinti, akarudi 2022 ila hakufika tena alipokuwa, na 2024 akastaafu. Sasa na Nadal nae aliyejitoa 2016, miezi miwili tu baadae yuko Rio na medali ya dhahabu ya wawili wawili, na 2017 French Open ikawa yake. Wote vifundo vya mkono, watu watatu, mwisho tofauti. Kwa hiyo jina la ugonjwa peke yake halikuambii utaishia wapi, inategemea umeumia kiasi gani na umetulia kiasi gani mwanzoni, na hilo la pili liko mikononi mwako.

Sindano. Hizo za kuua maumivu huwa za ganzi au za steroidi, dawa ya kushusha uvimbe. Kuna watu wakisikia steroidi wanakimbia, na kuna wanaoiomba kama soda, wote hawako sawa. Kwa huyo mwenzako wa badmintoni inaweza kuwa tiba nzuri kabisa, nitafika huko. Ila kwako wewe, kano imetoka kwenye ala, maumivu ndo kitu pekee kinachokuzuia usiimalizie. Ukiyazima kwa ganzi au steroidi utapiga bekhendi kama mzima na kano itaendelea kuruka na kukwaruzika kwenye ukingo wa mfupa bila wewe kusikia, na steroidi ikiingia kwenye kano yenyewe inaidhoofisha, inaweza ikakatika. Mwanachama anayetaka kukulipia hana nia mbaya naamini. Mwambie hivi, "mzee, hela hiyo ya sindano nisaidie kwenye altrasaundi." Mtu anayejali mchezo wako ataelewa.

Na kula je? Hili nimeliwaza sana kuliko mengine yote kwenye barua yako, kwa sababu ushauri wa kupumzika kwa mtu anayelipwa kwa saa ni ushauri unaokatika njiani. Usiache kazi, badilisha kazi. Muulize kwanza daktari, akikubali unaweza kusimama uwanjani na hogo ukafundisha. Weka kikapu cha mipira juu ya kiti au stendi upande wa kulia, unarusha kwa mkono wa kulia kwa chini chini, watoto wanapiga, wewe unasahihisha miguu na mabega. Wanachama nao wengi wanahitaji kufundishwa kuliko kupigiana mipira saa nzima, waambie wazi kuna miezi miwili ya mafunzo ya sevu na voli, bei ile ile au punguza kidogo. Kukimbizana mechi na hogo hapana, ukianguka nalo unapata jeraha la pili.

Hogo likitoka usikimbilie raketi, kifundo kitakuwa kigumu na mkono umekonda, hiyo kawaida. Fiziotherapia inaanza na kugeuza kiganja bila uzito, alafu kusukuma bila kusogeza, yani unakaza mkono dhidi ya meza au mkono mwingine, alafu mpira laini wa kubinya, alafu chupa ndogo ya maji kama uzito, kunyanyua upesi na kushusha pole pole sana, na bega na mgongo usivisahau, kifundo kinabeba mzigo ambao miguu na kiuno vimekataa kubeba. Raketi unaigusa pale unapogeuza kiganja juu na chini bila maumivu wala kuruka, na nguvu ya kukamata imekaribia ya mkono mwingine. Na hapo kazi yako inakusaidia, mipira ya watoto unayo. Anza na ule mwekundu laini ndani ya boksi la sevu, ukimaliza siku mbili tatu bila maumivu usiku wala asubuhi yake nenda wa chungwa, kisha kijani, wa njano wa mwisho. Fohendi na sevu kwanza, bekhendi ya slaisi mkono mmoja, bekhendi ya mikono miwili mwishoni, na ndani ya hiyo mipira ya chini ndo ya mwisho kabisa. Ukisikia maumivu rudi hatua moja nyuma.

Alafu angalia vifaa. Kama unatumia nyuzi za poliesta zilizokazwa sana na zimekaa miezi hazijabadilishwa, zinapeleka mshtuko wote mkononi, weka laini zaidi au punguza kukaza. Mipira iliyochoka na kulowa ni mizito, tupa. Usibane mpini kama unataka kuuvunja. Na kwenye ule mpira wa chini shuka kwa magoti, sio kwa kifundo. Wachezaji wengi wa kwetu tumejifunza kwa kutazama, hatukuelekezwa miguu, tunauvua mpira kwa kifundo.

Sasa mwenzako wa gumba, huo ni ugonjwa mwingine. Kwenye badmintoni gumba linafanya kazi sana, hasa kusukuma bekhendi, na kano zake mbili zinabanwa kwenye ala yao pembeni ya kifundo, unaitwa De Quervain. Akunje gumba ndani ya ngumi alafu apindishe kifundo kuelekea kidole kidogo taratibu, ikimkata pale pembeni juu ya gumba basi kuna uwezekano mkubwa ndo wenyewe. Tiba yake ni splinti inayofunga na gumba, kupumzika, na ikigoma sindano ya steroidi ndani ya ala, na hapo inasaidia wengi. ILA muulize kama alianguka akajizuia kwa kiganja. Kama alianguka na panamuuma kwenye kale kashimo nyuma ya gumba linapotanuliwa, huo unaweza kuwa mfupa wa skafoidi umevunjika, na eksirei ya siku za mwanzo inaweza isiuonyeshe kabisa. Hapo anafungwa kama aliyevunjika, anapigwa eksirei tena baada ya siku 10 hadi 14, au MRI ikiwezekana. Mfupa huo damu inauingia kwa upande mmoja zaidi, ukiachwa kipande kimoja kinaweza kufa na kiungo kikaharibika kabisa.

Na wengine mnaosoma, kama unaumwa chini ya kiganja pale kitako cha raketi kinapokugusa, na kidole cha pete na cha mwisho vinakufa ganzi, mwambie daktari unacheza raketi, kuna kamfupa kana kandoano hapo kanavunjika na eksirei ya kawaida inakapita, inatakiwa ya pembe maalumu au CT.

Mdogo wangu ukishapimwa niandikie majibu kama yalivyoandikwa kwenye karatasi, hasa kama kano imeonekana ikihama au la, na umefungwa hogo la juu ya kiwiko au la chini. Wakikufunga la chini uliza kwa heshima kama kiganja kimezuiwa kugeuka.